Jogoo wa baba mkwe ana jipu la unyayo, na mume wangu anataka tumdanganye mzee

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata na mume wangu, watoto na baba mkwe. Kazi yangu ni vitumbua. Naamka saa tisa usiku, na saa kumi na mbili asubuhi niko kituoni na ndoo yangu. Nimesita wiki nzima kukuandikia kwa sababu ukisikia chanzo cha maneno humu ndani ni jogoo, unaweza kudhani nafanya mzaha. Sifanyi. Mimi na mume wangu hatusemeshani vizuri, na mzee amenyamaza kwa namna inayonitisha.

Mama mkwe alifariki Pangani mwaka juzi. Baada ya arobaini mume wangu akamleta baba yake hapa Dar, kwa sababu ana sukari na kule hakuwa na wa kumpikia. Mwaka jana alikatwa kidole kimoja cha mguu wa kushoto, kwa kidonda ambacho hakukisikia mpaka kilipoanza kutoa harufu. Alipohama aliacha minazi, nyumba na wenzake wa barazani bila neno. Kitu kimoja tu alikataa kukiacha, kuku wake. Alishuka kwenye basi na tenga, ndani mitetea minne na jogoo wa kuchi, mrefu, mwekundu, shingo kama mwanajeshi. Anaitwa Sultani. Marehemu mama ndiye aliyemlea tangu kifaranga, alimnyang'anya mwewe mdomoni, na mzee hachoki kuisimulia hadithi hiyo.

Masika ilipoanza Sultani akaanza kuchechemea. Nilimkamata nikamgeuza, nikaona chini ya unyayo uvimbe mdogo kama kunde na kigaga cheusi katikati. Sasa umefika ukubwa wa korosho, na nafasi kati ya vidole imeanza kujaa. Kijana mmoja anayechinja kuku sokoni alikuja kumtazama, akasema ni jipu, atalipasua kwa wembe, atoe kiini, nimpe elfu tano yaishe. Jirani aliniambia nipake oili chafu, nikakataa. Mume wangu yeye anasema kuku ni kitoweo, tumchinje kabla hajakonda.

Mzee aliposikia habari ya wembe alisema maneno matatu tu: "Hakatwi mtu humu." Akaingia chumbani. Shangazi, alisema "mtu".

Tangu siku hiyo natibu mwenyewe. Kila jioni nachemsha maji, natia chumvi ya jikoni, nayamimina kwenye beseni, mzee anampakata Sultani na kuuchovya mguu wake humo huku akiuminya kwa vidole ili usaha utoke. Hautoki. Beseni ni lile ninalolowekea mchele wa vitumbua, lakini huwa nalisugua vizuri kwa sabuni. Maji yakibaki kwenye birika mzee anayamimina kwenye ndoo na kuchovya mguu wake na yeye, anasema yanamtuliza. Wiki ya pili nilinunua unga wa antibayotiki duka la dawa za mifugo, nikawachanganyia kuku wote kwenye maji ya kunywa kwa siku tatu. Nilipoona Sultani anakanyaga vizuri nikaacha, na unga uliobaki nimeuweka. Uvimbe ulipungua kidogo, ukarudi. Hii ni wiki ya tano.

Mazingira yetu ni haya. Ua ni mdogo. Mwaka jana mvua iliingia hadi sebuleni, mume wangu akajinyima miezi mitatu akamwaga zege ua mzima, na pembeni mwa ukuta akaweka kokoto. Kazi nzuri, maji hayaingii tena. Mitetea inalala kwenye banda, Sultani hulala juu ya mnara wa tangi la maji, na alfajiri akisikia adhana anawika na kuruka chini. Wanakula pumba, mabaki ya jikoni, na vitumbua vinavyonibakia, ambavyo Sultani anavipenda kuliko chochote.

Sasa limezuka hili. Alhamisi ijayo mzee anakwenda kliniki ya sukari, atarudi mchana. Mume wangu anasema siku hiyo hiyo ama kijana aje na wembe, ama tumchinje kabisa, na mzee akirudi tumwambie kaibiwa, maana wizi wa kuku Dar ni jambo la kawaida. Anasema anamhurumia baba yake, hataki amuone yule ndege akioza mguu mbele ya macho yake. Mimi sijakubali wala sijakataa. Je, jipu la namna hii linapona bila kukatwa? Na kama haliponi, nifanye nini na hiyo Alhamisi?

Halafu, mayai ya ile mitetea tuendelee kula?

Mama Wawili, Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu. Na poleni kwa msiba wa mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona jogoo, mara ya pili nikamwona mzee, na mara ya tatu nikakuona wewe, unayeamka saa tisa usiku na jioni bado una nguvu ya kuchemsha maji ya kuku wa mkweo. Kabla ya kukujibu nilikaa na daktari wa mifugo ninayemwamini, na baadhi ya nitakayokuambia ni yake.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu halingoji Alhamisi. Ni mguu wa baba mkwe.

Umeniambia kwamba mwaka jana hakukisikia kidonda chake mpaka kikanuka. Sukari ikikaa mwilini muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya miguuni, na mguu wa namna hiyo haujui tena moto wala mwiba. Maji anayoyaita ya kutuliza yanaweza kuwa yanamuunguza na asijue. Hata yakiwa vuguvugu, kuloweka mguu kila siku hulainisha ngozi na kufungua nyufa, na ndiyo maana wenye sukari hushauriwa kuosha miguu, kukausha hasa katikati ya vidole, na kutoloweka. Ongeza na hili: bakteria anayeongoza kwa kuleta jipu la unyayo wa kuku ni stafilokoka, yule yule anayeleta majipu kwa binadamu. Mzee anauminya mguu wa Sultani kwa vidole vitupu, kisha kwa vidole hivyo hivyo anashika mguu wake mwenyewe. Sikuambii haya ili uogope. Mpe glavu, ndoo ile iondoke, na kila jioni mtu mwenye macho mazuri amkague nyayo zote mbili kwenye mwanga. Pengine mjukuu. Akienda kliniki awaambie kwamba amekuwa akiloweka mguu.

La pili ni beseni. Naamini unalisugua. Lakini plastiki ina mikwaruzo, na stafilokoka akiingia kwenye chakula kilichokaa kwenye joto hutengeneza sumu ambayo hata kukaanga hakuiondoi. Bakteria anakufa kwenye mafuta ya moto, sumu inabaki. Mchele uliolowekwa na unga unaoumuka usiku kucha ndiyo riziki yako na vinywa vya watu wa kituoni asubuhi. Nunua beseni la Sultani, la rangi nyingine kabisa, likae nje na lisiingie jikoni hata siku moja. Na wewe ukimhudumia vaa glavu, ukimaliza unawe kwa sabuni.

Sasa twende kwa jogoo.

Umeuliza kama jipu la unyayo linapona bila kisu. Mara nyingi ndiyo, hasa likiwahiwa. Na mara nyingine hapana. Kinachoamua ni umbali ambao ugonjwa umeshafika ndani, na nini kinaendelea kuusukuma. Wewe umeniambia wiki tano zimepita na haliponi, ukahitimisha kwamba maji na chumvi vimeshindwa. Mimi sina hakika na hitimisho hilo. Naona umekuwa ukitibu mguu saa moja jioni, na saa kumi na moja alfajiri mguu huo huo unaumizwa upya.

Fikiria alikotoka. Kuchi ni kuku mzito, jogoo wake huzidi kilo tatu bila tabu. Pangani alikuwa anatua kwenye mchanga na makuti. Tabata anatua kwenye zege, kutoka juu ya mnara wa tangi, kila siku. Unyayo wa ndege hauna nyama nyingi, kuna ngozi na kijimto chembamba, kisha mishipa ya kukunjia vidole na mfupa. Kijimto kinapondeka, ngozi inachubuka au inachanwa na kokoto, unyevu wa masika na kinyesi vinailainisha, na bakteria anapata mlango. Kigaga cheusi ulichokiona ndiyo alama ya mlango huo. Na vile vitumbua, mwanangu, vinampa mafuta na sukari, uzito unapanda, na uzito wote unakalia unyayo mmoja mbovu na mmoja ambao karibu utachoka. Mguu wake wa pili umeutazama? Na ya mitetea? Itazame leo.

Kuhusu usaha usiotoka, mwambie mzee asiuminye tena. Usaha wa ndege hauwi maji kama wetu. Chembe zao nyeupe za damu hazina kimeng'enya kile kinachoyeyusha usaha, kwa hiyo unakauka ndani na kuwa kitu kigumu, kama kiporo cha ugali. Ukikiminya hakina pa kutokea, unakisukuma kuelekea kwenye mishipa na mfupa. Na ndiyo sababu yule kijana hawezi kupasua akaona usaha umetiririka na yakaisha. Ingebidi achimbe. Kuchimba kwa wembe wa elfu tano, bila ganzi, ndege akiwa ameshikwa miguu, damu ikimwagika pale pale palipo na mishipa midogo mingi, na baadaye kidonda kilicho wazi kikanyage zege lenye kinyesi. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini hata ingekuwa haipo, mzee wako alikwisha kuona hilo kwa moyo wake.

Lakini hapa naomba nikuchokoze kidogo, wewe na yeye. Humo ndani mmeweka vitu viwili kwenye kapu moja: wembe wa sokoni na mkono wa daktari wa mifugo. Daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari anaweza kumtia ganzi, akafungua mahali panapotakiwa, akatoa kiini na kumfunga. Hata hivyo mguu huchukua wiki nyingi kupona, na wapo wanaorudia. Sisemi mchague hilo. Nasema "bila kukatwa" isiwe kiapo ambacho kitamfunga mzee hata siku ambayo kukatwa vizuri ndiyo huruma iliyobaki.

Mkiamua kuendelea bila kisu, njia yenyewe iko hivi, na ni ya subira. Hesabuni wiki sita, huenda miezi mitatu.

Maji yawe ya vuguvugu ambayo kiwiko chako kinayavumilia kama ya kumuogesha mtoto mchanga, dakika kumi hadi kumi na tano. Chumvi ya Epsom, ambayo ni magnesiamu salfeti, ndiyo wafugaji wengi wanayoitumia. Uliza duka la dawa. Ya jikoni kidogo haidhuru, ila usiizidishe hadi ikachoma. Lengo la maji ni kulainisha kigaga na ngozi ngumu inayokizunguka. Usikibandue. Kikilegea chenyewe na kutoka, pengine kitatoka na kipande cha kile kiini, hapo umebahatika. Kisipotoka leo, kesho ipo. Baada ya maji kausha kwa kitambaa safi, kisha ayodini ile ya kahawia, uizimue kwa maji yaliyochemshwa yakapoa hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi. Iache ikauke. Paka marhamu ya antibayotiki, lakini soma boksi lake au mwombe muuzaji akusomee: isiwe imechanganywa na dawa ya ganzi, maana ndege huweza kudhurika nayo. Juu yake weka shashi iliyokunjwa iwe kama mto mdogo, kisha bandeji ipite katikati ya vidole na kuzunguka juu ya kifundo, ikaze kiasi cha kutovuka tu. Rudi baada ya saa moja umtazame. Kidole kikiwa kimevimba au kimepoa, umekaza mno. Badilisha kila siku au kila baada ya siku moja, na ikilowa badilisha hapo hapo. Bandeji mbichi ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Wiki ya kwanza mchovye mguu kwenye maji kila siku. Baadaye mara mbili au tatu kwa wiki zitatosha, kwa sababu ngozi inayolowekwa mfululizo haifungi.

Na kila Ijumaa chukua uzi, uzungushe kwenye unyayo palipovimba, ukate uzi hapo. Bandika nyuzi hizo kwenye kipande cha boksi moja chini ya nyingine. Macho yanayomtazama mgonjwa kila siku hudanganyika kwa upendo na kwa uchovu pia. Uzi utawaambia nyote watatu habari moja, na labda itawapunguzia kubishana.

Ile dawa ya unga nisingeirudia kwa kubahatisha. Uliwapa kuku wanne wasioumwa, na mgonjwa hujui alikunywa kiasi gani. Tena antibayotiki husafiri kwa damu, na kile kiini kigumu hakipitiwi na damu, kwa hiyo hata dozi kamili hupata taabu kukifikia. Siku tatu kisha ukaacha ni njia ya kuwazoesha bakteria dawa. Tena dawa za jamii hiyo hiyo ndizo baba mkwe anaweza kuzihitaji siku mguu wake ukipata kidonda. Daktari akiona haja ya antibayotiki, atachagua ipi na siku ngapi. Akitaka uhakika, kuna Wakala ya Maabara ya Veterinari pale Temeke anakoweza kupeleka sampuli.

Yote hayo hayatafika mbali kama ardhi haibadiliki, na hapa ndipo ninapomuona mume wako. Alijinyima miezi mitatu kuikinga nyumba yake na mafuriko. Sasa akiambiwa zege lake ndilo linalomuumiza jogoo wa mama yake, atasikia nini? Sijui kama kuna aliyelitamka humo ndani. Nadhani kila mmoja amelizunguka. Yeye anasema kitoweo, mzee anasema hakatwi mtu, wewe unachemsha maji. Na wote watatu mmefiwa na mtu mmoja. Mtu anayetaka jambo liishe haraka huwa haonyeshi huzuni kwa njia tuliyoizoea. Mume wako amekuambia mwenyewe kwamba hataki baba yake aone mguu mwingine ukioza. Mimi hapo sioni ukatili. Naona mtoto aliyesubiri nje ya chumba cha upasuaji mwaka jana.

Zege halihitaji kuvunjwa. Libaki lizuie maji. Juu yake, kwenye kona moja chini ya bati, zungusheni matofali, mjaze maranda kutoka kwa fundi seremala, kina cha kiganja kizima, msiyachukue ya mbao zilizopakwa dawa. Yakilowa yatolewe. Sultani akae humo peke yake mpaka apone, asipande mitetea wala kitu kingine. Akihitaji fito ya kulalia iwe chini ya goti lako, pana kiasi cha unyayo kutulia, kingo zimelainishwa. Njia ya kupanda kwenye mnara izibwe. Kokoto zifagiliwe mbali naye. Vitumbua mpeni mtoto wa jirani, Sultani apate mchicha na chakula cha kuku chenye virutubisho vyote. Kazi ya kujenga kona hiyo nani aifanye, hilo nakuachia wewe, unawajua zaidi yangu. Ila mzee amefuga kuchi tangu ujana wake, na sijaona popote kwenye barua yako mtu aliyemuuliza: "Baba, Pangani walikuwa wanalala wapi?"

Kuna dalili ambazo ukiziona usingoje uzi wa Ijumaa. Uvimbe ukipanda juu ya kifundo. Mguu ukiwa wa moto kuliko mwenzake. Harufu. Akilala mchana kutwa, akiacha kula, au ukipapasa kifua na kukuta mfupa umetokeza kama ukingo wa ngalawa. Umesema nafasi kati ya vidole imeanza kujaa, na hilo linanifanya nitamani daktari amtazame wiki hii, kwa kumtazama tu, ili mjue kama bado yuko kwenye hatua ambayo maji na bandeji vinaweza kumsaidia. Ugonjwa ukishaingia kwenye mfupa, kumlazimisha aishi ni kumuongezea maumivu, na hapo kumchinja kwa amani, mzee akiwa amekubali, kunaweza kuwa ndiyo heshima. Hata hapo kumbukeni: aliyepewa dawa haliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite, na mgonjwa aliyenyong'onyea haliwi kabisa.

Nimeichelewesha Alhamisi kwa makusudi.

Mume wako anadhani uongo utamkinga baba yake. Huenda akafanikiwa. Watu wazima wengi wameishi na uongo mdogo wa watoto wao na hawakudhurika. Lakini upime na upande wa pili. Huyu ni mtu ambaye kidole chake kilioza bila kumwambia, kisha kikaondolewa. Mke wake aliondoka. Nyumba na minazi viko mbali. Akirudi kutoka kliniki akute na Sultani hayupo, kaibiwa, atakaa na swali la mwizi kila usiku. Na watoto wako wawili watakuwa wamejua ukweli, kwa sababu watoto hujua, na watalazimika kumtazama babu machoni. Na wewe utakula naye kila siku ukiwa na siri hiyo. Ukiona unaweza kuibeba, sitakulaumu. Barua yako inanipa wasiwasi kwamba huwezi, maana hujakubali wala hujakataa, na mtu wa kukubali asingeniandikia.

Ipo njia nyingine ya kuitumia siku hiyo hiyo. Mume wako ampeleke baba yake kliniki yeye mwenyewe, badala ya kumngoja aondoke. Njiani, kwenye bajaji, wako wawili tu. Hapo amwambie anaogopa nini, wazi kama alivyokuambia wewe. Inaweza ikamalizika kwa ugomvi. Mzee anaweza kusema tena kwamba hakatwi mtu. Anaweza pia kusema jambo ambalo hamjawahi kulisikia. Au usiku kabla ya hapo wewe umketishe mume wako, umwombe wiki nne tu, kona ya maranda na nyuzi nne kwenye boksi, kisha mwamue pamoja na mzee. Wiki nne nazo zina hatari yake. Jogoo anaweza kuzidiwa mikononi mwenu, na mume wako akasema nilijua. Hakuna njia kati ya hizi isiyo na kitu cha kupoteza, ndiyo maana siwezi kukuchagulia mimi niliye mbali na ua wenu.

Kuhusu mayai: tafuta pakiti ya ile dawa. Kama hukuitupa, imeandikwa siku ngapi baada ya dozi ya mwisho mayai yasiliwe. Kwa maelezo yako ni wiki tatu tangu uache, na kwa dawa nyingi muda huo umeshapita, lakini isome au mpelekee muuzaji aisome mbele yako. Ukithibitisha, mpikie mzee moja kesho asubuhi. Na mkiwa mezani muulize tena habari ya yule mwewe.